Jinsi nilivyokokotoa kuoza kwa ombwe kwenye kompyuta yangu

Habari za ombwe bandia nilizizoea kama vitisho: huenda ombwe, yaani anga tupu la ulimwengu wetu, limekaa kwenye hali ambayo si ya nishati ya chini kabisa (ile ya chini zaidi ndiyo ombwe halisi), siku moja kiputo cha ombwe halisi kitachipuka mahali, kitatanuka kwa kasi inayokaribia ya mwanga, basi kwaheri. Sawa. Mimi nilitaka hesabu yenyewe.

Nilianza na swali ambalo wengi hulipita: kwa nini kiputo? Mwaka 1928 George Gamow alieleza jinsi chembe ya alfa inavyopenya kizuizi na kutoka kwenye kiini cha atomu ingawa haina nishati ya kukiruka. Hiyo ni chembe moja. Uga, yaani kitu chenye thamani katika kila nukta ya anga, umeenea kila mahali, na hauwezi kuvuka wote kwa mpigo, maana kizuizi hukua kadiri ujazo unavyokua. Huvuka kipande tu, na kipande hicho kina ukuta wenye gharama. Hapa kalamu na karatasi vinatosha. Ukuta wenye mvutano σ unagharimu 4πR²σ, na ndani yake unaokoa (4/3)πR³ε, ambapo ε ni tofauti ya nishati ya maombwe mawili kwa kila kipimo cha ujazo. Nishati haiumbwi, kwa hiyo jumla lazima iwe sifuri, nawe unapata R = 3σ/ε.

Ugumu uko kwenye uwezekano wa kiputo kuchipuka, ambao unakwenda kama e⁻ᴮ; namba B ndiyo ya kukokotoa. Mwaka 1977 Sidney Coleman alionyesha njia: chora nishati ya uga kwa kila thamani yake, kisha pindua grafu hiyo, mabonde yawe vilima. Thamani ya uga ichukue kama mahali ilipo chembe, na umbali ρ katika vipimo vinne (anga pamoja na muda dhahania) uuchukue kama saa yake. Chembe inaanza imetulia karibu na kilele cha ombwe halisi, inateremka, inapanda upande wa pili na kusimama barabara juu ya kilele cha ombwe bandia. Njiani kuna msuguano wa 3/ρ, mkali mwanzoni, unaofifia baadaye.

Programu yangu ilikuwa ya kulenga tu. Chembe ikianzia chini mno, inaishia njiani na kurudi. Ikianzia karibu mno na kilele, inakawia pale hadi msuguano ufifie, kisha inapitiliza. Chukua katikati, rudia.

Mambo yalikwenda vizuri hadi ε ilipokuwa ndogo. Hapo mahali pa kuanzia panasogelea kilele kiasi kwamba tarakimu 16 hivi za kompyuta haziwezi kutofautisha viwili hivyo. Dawa niliyoipata ni kutohifadhi mahali penyewe, bali logi ya pengo lililobaki hadi kileleni. Sehemu ya mwanzo niliifanya kwa mlinganyo mstari, ambao jibu lake linajulikana, nikaikabidhi programu chembe ikiwa imeshasogea vya kutosha. Kwangu hiyo ndiyo roho ya kazi nzima.

Kuhakiki kulikuwa rahisi. Ukuta ukiwa mwembamba, B = 27π²σ⁴/2ε³, na namba zangu zilizidi kuikaribia kadiri nilivyopunguza ε. Tazama ule mchemraba: gawa ε kwa mbili, B inaongezeka mara nane, na B yenyewe imekaa kwenye kipeo cha ule uwezekano, e⁻ᴮ. Ndiyo maana sishtushwi na vile vitisho. Kwa vipimo vya leo, chembe ya Higgs yenye tungamo la GeV 125 na kwaki (chembe ndogo ya msingi) nzito kuliko zote ya GeV 173 hivi, hesabu zinaelekea kusema ombwe letu si imara kabisa, ila uhai wake unazidi mno miaka bilioni 13.8 ya ulimwengu.

Mwisho niliongeza graviti, kwa kufuata Coleman na Frank De Luccia (1980). Sasa ρ ni nusu kipenyo cha kiputo kinachopindwa na graviti, ina mlinganyo wake, na msuguano unakuwa 3ρ′/ρ, ambapo ρ′ ni kasi ya ρ kubadilika. Nilichukua ombwe bandia la nishati sifuri na ombwe halisi la nishati hasi. Ndani ya hilo la pili msuguano haufifii hadi kwisha. Unatulia kwenye kiwango fulani, hata chembe ikawie kileleni vipi. Kwa ukuta mwembamba mpaka ni ε = 6πGσ², ambapo G ni namba thabiti ya graviti. Nilipoishusha ε chini ya hapo, kila mahali nilipoanzia chembe iliishia njiani na kurudi. Hakukuwa na kiputo cha kutafuta.