Askari wa Iraki na mama wa Fizi

Mwanzoni mwa mwaka 2013 nilikuwa nafanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili katika mji mmoja wa jimbo la New York, si mbali sana na Buffalo. Mji wenyewe siutaji, na wahusika wa kesi hii siwataji, kwa kuwa kazi yetu ina kiapo. Mengi ninayoyaeleza hapa yalisemwa mahakamani, mbele ya yeyote aliyetaka kuingia na kukaa. Yaliyosemwa kwingine nayaeleza kwa idhini ya mama mwenyewe. Aliniambia, "Andika, mwanangu. Batu betu bajue."

Mama alikuwa Mbembe wa Fizi, Kivu ya Kusini. Alikimbia vita mwaka 1996, akavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, akaishi kambi ya Nyarugusu zaidi ya miaka kumi kabla ya kupelekwa Marekani. Mimi ni mtoto wa Kigoma. Siku tulipokutana nilimwamkia shikamoo naye akaitika marahaba kwa sauti kubwa hadi mlinzi akageuka. Tukakaa kwenye benchi tukiulizana habari za Kasulu na bei ya migebuka mpaka tulipoitwa ndani.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Usiku wa manane kijana mmoja aliyekuwa amelewa aliacha barabara, akapanda njia ya waenda kwa miguu, akaligonga gari la mwanawe mama lililokuwa limeegeshwa mbele ya nyumba. Gari lile likasukumwa hadi barazani. Nguzo ya mbao ikakatika, paa la baraza likainama upande mmoja. Hakuna aliyeumia. Yule kijana hakusimama. Polisi walimkuta mitaa michache mbele, amekaa kwenye usukani, injini inaunguruma, macho yametazama mbele.

Mama aliposikia kile kishindo hakuwaza gari. Alipokuja kujitambua alikuwa tayari chini ya kitanda, wajukuu wake wawili amewavuta pamoja naye na kuwaziba midomo kwa viganja. Akakaa hapo hivyo hivyo. Polisi walipogonga, aliona sare kupitia dirishani na hakutaka kufungua. Tangu usiku ule wajukuu wakakataa kulala chumba cha mbele.

Ofisi ya mwendesha mashtaka ilituita kwa sababu kesi ilikuwa imeingia jambo jipya. Mshtakiwa alikuwa mwanajeshi wa zamani, amepigana Iraki zamu mbili, na wakili wake alikuwa ameomba kesi ihamishiwe mahakama ya maveterani, yaani ya wanajeshi wa zamani. Mwendesha mashtaka, mwanamke mpole mwenye haraka, alitaka kusikia kwanza maoni ya aliyeharibiwa nyumba.

Mahakama za namna hii wakati ule zilikuwa bado changa. Iliyojulikana zaidi ilianza Buffalo, Januari 2008, chini ya Hakimu Robert Russell. Yeye alikuwa tayari akiendesha mahakama ya watumiaji wa dawa za kulevya na ile ya wagonjwa wa akili, akaona kwamba wanajeshi wa zamani wanazidi kuongezeka mbele yake. Mmoja wao, aliyepigana Vietnam, alikuwa haambiliki: kila akija anainamisha kichwa, hajibu. Hakimu akawaomba wafanyakazi wawili wa mahakama, nao wakiwa wamepita jeshini, watoke naye ukumbini wakaongee. Aliporudi alisimama wima, akamtazama hakimu usoni na kusema yuko tayari kujaribu. Kutokana na hilo ukazaliwa utaratibu: mshtakiwa anakubali matibabu, anapimwa pombe na dawa mara kwa mara, anafika mbele ya hakimu kila baada ya muda mfupi, anapewa mlezi wa kujitolea ambaye naye alikuwa jeshini, na mtu wa idara ya serikali inayoshughulikia maveterani anakaa humo humo na kompyuta yake, akipanga miadi ya hospitali palepale. Akimaliza vizuri, shitaka hupunguzwa au hufutwa. Akivunja masharti, gereza liko pale pale.

Haya yote nilimfasiria mama. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyu askari, balimutuma ama alijiendea mwenyewe?"

Mwendesha mashtaka akajibu kwamba alijiunga kwa hiari akiwa na miaka kumi na tisa, ila kwenda Iraki ni jeshi lililompeleka.

"Na nyumba, nani atatengeneza?"

Akaambiwa fidia ni sehemu ya masharti, asipolipa, hamalizi.

Mama akanyamaza kidogo akikunja ncha ya kitenge chake. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau. "Mimi nina kijana. Mutoto wa dada yangu. Balimuonyesha Makobola akiwa na miaka sita. Mwaka jana alipigana kazini, bakamufunga. Nani alimuuliza alikotoka?"

Makobola ni kijiji cha Fizi kando ya ziwa. Mwisho wa Desemba 1998 watu waliuawa pale kwa mamia katika siku za kuelekea mwaka mpya. Yule mtoto alifika Nyarugusu akiwa na majirani, bila baba wala mama. Alipokuwa na miaka ishirini, mjini kwetu pale Marekani, alimpiga mwenzake kwenye maegesho ya kiwanda baada ya yule kumjia kwa nyuma na kumshika shingo kwa utani. Kesi yake ilikwisha haraka. Mkalimani alikuwa sauti ya simu kutoka jimbo lingine, ikikatikakatika. Kijana alikiri kosa, akakaa jela ya wilaya wiki kadhaa, kisha akaachiwa chini ya uangalizi. Kuhusu Makobola hakuulizwa, na yeye si mtu wa kuanza kusema.

Nilifasiri maneno ya mama kama yalivyo. Mwendesha mashtaka alitua kalamu, akasema ile ni kesi nyingine na haimo mikononi mwake. Alisema kweli.

Siku ya mahakama theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Chumba kilijaa kuliko nilivyotarajia. Walezi walikaa mstari mmoja ukutani, wazee kwa vijana, wengine na kofia za vikosi vyao wamezishika magotini. Kila mshtakiwa aliyeitwa alisimama mbele, hakimu akamshukuru kwanza kwa utumishi wake, kisha akamuuliza habari za wiki ile kwa jina: mkeo anaendeleaje, zile dawa bado zinakusumbua tumbo? Aliyekuwa amepitisha miezi bila pombe alipigiwa makofi na chumba kizima. Nimekuwa mkalimani katika mahakama nyingi na sikuwahi kuona hakimu akikumbuka tumbo la mshtakiwa.

Alipoitwa wetu, wakili wake alieleza. Alikuwa dereva wa malori ya mizigo. Kule Iraki madereva walizoea kukimbiza gari katikati ya barabara, kwa sababu mabomu yalitegwa pembeni, kwenye takataka, kwenye mizoga ya mbwa. Aliporudi nyumbani hakuweza kuliacha zoea hilo. Gari likimkaribia kwa pembeni alitoka jasho. Alianza kunywa ili aweze kulala, halafu akawa anakunywa ndipo ashike usukani.

Hakimu akauliza kama mwathirika anataka kusema neno. Mama akasimama na koti lake zito juu ya kitenge, nami nikasimama pembeni yake.

"Mimi sipendi bamufunge," alisema. "Jela haina dawa ya vita. Ninajua. Lakini leo asiambiwe shujaa. Siku nyingine bamuambie. Leo aambiwe kwamba batoto walilala chini ya kitanda kwa sababu yake. Na kijana wangu naye ameona vita, hakuvaa sare, na hana mahakama."

Nilifasiri polepole, neno kwa neno, na chumba kilitulia. Hakimu alimshukuru, akamgeukia mshtakiwa, akayarudia yale ya watoto kama alivyoelezwa. Hakuongeza sifa. Yule kijana aliomba ruhusa amuulize mama swali moja. Aliuliza kama watoto wameanza kulala. Mama akajibu kwamba chumba cha mbele bado hawaingii. Akaitikia kwa kichwa, akasema samahani, akarudi kwenye nafasi yake. Kesi ikahamishwa.

Nilipotoka pale nilimkumbuka baba yangu mdogo. Alikuwa miongoni mwa askari wetu walioingia Uganda mwaka 1979, vita ya Kagera. Alirudi na sare yake na mkanda, na sisi watoto tukamfuata kijijini kama kinda na mama. Lakini ndani ya nyumba hakuweza kulala. Alitandika mkeka mlangoni, kichwa ndani na miguu nje, panga chini ya ubavu wa kulia. Miaka michache baadaye alimjeruhi mtu kwenye kilabu cha pombe kwa ugomvi wa kiti. Mahakamani alikiri kosa, akafungwa miezi sita. Nilikuwepo, nimekaa sakafuni na bibi yangu. Aliulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu, akasema hana. Hapakuwa na wakili wa kusema kwa niaba yake, na mtu aliyetoka vita ya Kagera akiulizwa hivyo mbele ya mama yake mzazi hawezi kuanza kueleza aliyoyaona Uganda.

Kwa hiyo nikisikia watu wakisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na kwamba askari asipewe mlango wake, nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Msumeno wenyewe hupimwa na fundi. Kila mahakama inayotoa adhabu hujaribu kumjua aliye mbele yake, na vita ni sehemu ya mtu kama ilivyo umri au ugonjwa. Marekani walilikiri hilo hata katika kesi nzito kuliko zote. George Porter, aliyepigana Korea, alihukumiwa kifo Florida kwa kumuua mmoja wa watu wawili aliowaua mwaka 1986, na baraza la wazee wa mahakama lililopendekeza adhabu ile halikuwahi kusikia habari za vita vyake, kwa kuwa wakili wake hakuzitafuta. Novemba 2009 Mahakama Kuu ya nchi ilitengua hukumu ile ya kifo kwa kauli moja. Ilisema nchi ina desturi ndefu ya kuwahurumia waliopigana, hasa wale waliokuwa mstari wa mbele. Lakini iliongeza kitu ambacho kwangu ndicho chenye uzito: utumishi wake wa heshima ulikuwa na maana, na vilevile mateso ya akili ambayo mapigano yalimwachia.

Heshima na jeraha ni vitu viwili. Heshima nchi ina njia nyingi za kuilipa, kuanzia pensheni hadi gwaride. Mbele ya hakimu mimi naona jeraha ndilo linalostahili kusikilizwa, kwa sababu ndilo linaloeleza kosa na ndilo linaloweza kutibiwa. Na tukishakubali hivyo, hatuwezi kumpitisha aliyejeruhiwa akiwa na bunduki tukamfungia mlango aliyejeruhiwa akiwa na miaka sita. Mama aliliona hili kabla yangu, akiwa ofisini na ncha ya kitenge mkononi.

Tulipokuwa ukumbini tukivaa glavu, mzee mmoja wa wale walezi alitufuata. Alikuwa amepigana Vietnam, anachechemea. Aliniomba nimuulize mama habari za yule kijana wa Makobola. Mama akamweleza palepale, na mzee akasikiliza bila kumkatiza. Mwisho akatoa karatasi, akaandika jina la wakili mmoja wa msaada wa kisheria anayejua kesi za wagonjwa wa akili.

Dereva wa Iraki alichukua zaidi ya mwaka kumaliza. Katikati alianguka mara moja, akalala jela siku chache, akarudishwa kwenye mpango. Alilipa fidia yote kwa mafungu. Baraza likajengwa upya msimu wa joto.

Na kijana wa mama, alipokosa miadi ya msimamizi wake na kurudishwa mahakamani, yule wakili aliomba apimwe akili kwanza. Safari hii mkalimani nilikuwa mimi, chumba kimoja naye, si sauti ya simu. Aliyomweleza daktari ni yake, siyaandiki. Hakimu aliagiza matibabu badala ya kumrudisha jela. Mzee wa Vietnam aliomba awe mlezi wake, akaambiwa haiwezekani: mpango wa walezi ni wa waliopita jeshini peke yao. Akaanza kumtembelea nyumbani kama jirani, bila cheo. Kanuni ile bado naona ibadilishwe, na kila nikipewa nafasi ya kuzungumza na mawakili na mahakimu wa mji ule, nalisema hilo kabla ya jambo lingine lolote.