Madaftari mawili ya shule moja

Nimetoka kwenye kikao cha wazazi kichwa kimejaa maneno ya watu. Watoto wameshalala, basi acha niandike kabla hayajapoa.

Hoja ilikuwa moja tu: shule yetu ya serikali inafundisha au haifundishi? Mwalimu mkuu alisoma matokeo, wastani umeshuka kidogo, na hapo ukumbi ukagawanyika. Baba mmoja akasimama, akasema watoto wake watatu wamepita hapo na wote wamefika mbali, kwa hiyo anayelalamika aanze kwanza kuangalia nyumbani kwake. Mama aliyekaa nyuma yangu hakungoja amalize. "Kaka yangu, wako walianza darasa la kwanza wanajua kusoma. Wangu yuko la nne na bado anabahatisha maneno kwa kutazama picha." Sauti ilikuwa imeanza kumtetemeka. Nilitamani mtu amjibu. Hakuna aliyemjibu, na mwenyekiti akatuhamishia kwenye suala la uzio.

Njia nzima nimekuwa nikiwawaza hao wawili. Sioni aliyedanganya. Kila mmoja anaijua shule kwa mlango alioingilia mwanawe.

Huo wastani tunaougombania nao una mambo yake. Shule ikipokea watoto waliosomewa hadithi tangu wadogo, wastani utapanda hata mwalimu akiwa wa kawaida. Mwaka 1966, nchini Marekani, mwanasosholojia James Coleman na wenzake walitoa ripoti iliyotokana na wanafunzi zaidi ya 600,000 wa shule zipatazo 4,000. Wengi walitarajia ioneshe kuwa majengo na vifaa ndivyo vinavyowatenganisha watoto. Ikaonesha kuwa hali ya nyumbani ina uzito kuliko hivyo vyote. Baba yule wa kikaoni angeifurahia. Lakini humo humo mna jambo jingine ambalo husemwa kwa nadra: sehemu kubwa ya tofauti za matokeo ilikuwa kati ya watoto wa shule ileile, si kati ya shule moja na nyingine. Ndiyo maana sioni tunachopata tunapoulizana "shule hii ni nzuri au mbaya", kana kwamba ni kitu kimoja.

Ushahidi wangu uko hapa mezani. Ni madaftari mawili ya hesabu, la binti yangu wa darasa la sita na la mdogo wake wa darasa la tatu. La binti limejaa wino mwekundu. Kila kosa limezungushiwa duara, pembeni pameandikwa "rudia hatua ya pili", chini yake amerudia, na mwalimu ametia saini na tarehe. Nikilifunua najua kuna mtu mzima aliyekaa akamfikiria mwanangu.

La mdogo wake nimelitazama mara tatu leo. 43 toa 17, ameandika 34. Vema. 52 toa 38, ameandika 26. Vema. 70 toa 24, ameandika 54. Vema, na chini ya ukurasa pongezi. Hajui kukopa kumi. Anachukua tarakimu ndogo anaitoa kwenye kubwa, iwe juu au chini, na kwa wiki kadhaa amekuwa akiambiwa yuko sawa. Nilipoliona hilo nilisikia uchungu wa kweli, kwa sababu mimi pia nilikuwa naziona zile vema jikoni kila jioni na kumpongeza.

Ningependa kumkasirikia mwalimu wake, lakini darasa lake lina watoto karibu mara mbili ya darasa la dada mtu. Huko Tennessee, jimbo la Marekani, kuanzia mwaka 1985, walifanya jaribio la kuwagawa watoto kwa bahati nasibu, wengine madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine ya 22 hadi 25. Wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu, na wa familia zenye kipato kidogo wakafaidika zaidi. Hata hilo darasa lao kubwa, mwalimu wa mwanangu angelishukuru.

Baba watoto ana msimamo wake: tumhamishe. Anasema mtoto hana muda wa kusubiri shule ijirekebishe, darasa la tatu halirudi. Nikamwambia wanaohama siku zote ni wale wenye wazazi wa kusimama kikaoni wakasikilizwa, na tukiondoka sote, yule mama wa nyuma atabaki anazungumza na viti. Akanitazama, akaniuliza taratibu, "Na gharama yake ailipe mtoto wetu?" Sikuwa na jibu. Bado sina, na sitaki kujifanya ninalo.

Kabla hajalala nilikaa na mtoto sakafuni na vijiti, mafungu manne ya kumi na vitatu vya pembeni. Nikamwambia, nipe kumi na saba, uanze na saba. Akavihesabu vile vitatu, akakwama, akanitazama usoni. Kisha akaligusa fungu moja kwa kidole. "Mama, kwani naruhusiwa kulifungua?" Nikamwambia fungua. Alifungua polepole, kama anayeogopa kuharibu kitu, na alipofika kwenye 26 akacheka, akataka tufanye nyingine, na nyingine tena, mpaka dada yake akalalamika kwamba taa inamzuia kulala.

Nimemwandikia mwalimu wake kuomba nafasi Alhamisi baada ya vipindi. Yule mama wa nyuma tulipeana namba pale getini. Nimempigia, naye anakuja na daftari la kusoma la mwanawe. Baba watoto amesema atafuatana nasi, na uamuzi wa kuhama tutauzungumza tukirudi. La hesabu nimelitia kwenye mkoba kabisa, nisije nikalisahau.