Nguvu inayopotea kati ya injini na tairi, na ile asilimia 15 ya mazoea

Gari likishuka kwenye daino, ile mashine ya rola inayopima nguvu inayofika kwenye tairi, na karatasi inayosema nguvu ya farasi 170, hakosi mtu wa kusema asilimia 15 imepotea njiani, akagawanya kwa 0.85 na kutangaza kwamba injini ina farasi 200. Hesabu hiyo ni nyepesi, ndiyo maana imeenea. Ubaya wake ni kwamba inauchukua upotevu kama kodi: kiwango kilekile kwa kila gari, kila gia na kila mzigo.

Ijaribu kwa injini ya farasi 400. Asilimia 15 ni farasi 60, karibu kilowati 45. Nguvu ikipotea kwa msuguano inageuka joto, na kilowati 45 ni kama pasi za umeme 22 za wati 2,000 zimewashwa kwa mpigo. Giaboksi ya manyuo ina oili lita mbili tatu, na kwenye magari mengi haina hata rejeta yake. Joto lote hilo likiishia humo, mlima mmoja mrefu ungetosha kuiunguza oili. Kwa hiyo, ama upotevu ni mdogo kuliko inavyosemwa, ama sehemu yake inaliwa kwingine. Mara nyingi ni yote mawili.

Ndani ya chuma kuna upotevu wa aina mbili. Wa kwanza unafuata mzigo: meno ya gia yanavyokandamizana zaidi ndivyo yanavyosuguana zaidi. Wa pili unafuata mwendo: gia zinachapa oili, sili zinakwaruza shafti, beringi zilizokazwa zinavuta. Ukifunga turbo na kutoka farasi 200 hadi 300 kwa mizunguko ileile 6,000 kwa dakika, oili inachapwa vilevile kama jana, na sili hazina habari. Msuguano wa meno tu ndio unaopanda. Farasi zinazopotea zinaongezeka, lakini asilimia inashuka.

Mpangilio wa gari nao una neno. Gia mbili za meno ya mshazari zinapokutana hula takriban asilimia 1 hadi 2. Gari la kuvuta kwa mbele lenye injini iliyolazwa kwa upana lina makutano mawili tu ya aina hiyo: shafti ya kuingilia na ya kutokea, kisha gia ya mwisho kwenye difu. La kuvuta kwa nyuma lina krauni na pinioni, gia kubwa na ndogo za ndani ya difu zinazogeuza nguvu kuelekea magurudumuni, na hapo ndipo penye ulaji. Pinioni ya aina iitwayo haipoidi imekaa chini ya mstari wa kati wa krauni, kwa hiyo meno yake yanatelezeana sana badala ya kubingirika. Makutano hayo peke yake yanaweza kula asilimia 3 hadi 6, na ndiyo sababu difu inadai oili ya GL-5, daraja la oili ya gia zinazosuguana kwa mgandamizo mkubwa. Afueni ya gari hili ni gia ya moja kwa moja, mara nyingi ya nne, ambapo nguvu inapita kwenye shafti kuu bila kuzungukia gia za pembeni. Gari la kuvuta magurudumu yote linaongeza transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), difu ya pili na propela nyingine. Otomatiki inaongeza pampu ya oili, na toki konveta, inayopitisha nguvu kwa oili mahali pa klachi ya kawaida, inateleza mpaka klachi yake ya ndani ifunge. Ukilipima kabla haijafunga, namba inayotoka haikuambii kitu.

Halafu kuna tairi, ambayo hailaumiwi kamwe. Gari la kilo 1,400, tairi zake zikipoteza asilimia 1 ya uzito kwa kubingirika, linakula karibu kilowati 4 kwa kilomita 100 kwa saa kwenye lami. Juu ya rola nyembamba tairi inakunjika zaidi, na mikanda ya kufungia gari ikikazwa sana inaikandamiza zaidi tena. Mikanda kulegezwa kidogo au upepo kuongezwa vinatosha "kuzaa" farasi kadhaa huku injini haijaguswa.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha kabla na baada ya kazi, linganisha namba za tairi kwa namba za tairi, bila kuzidisha kitu. Daino iwe ileile, gia ileile iliyo karibu na 1:1 (shafti ya kutokea ikizunguka sawa na injini), upepo upimwe kwa geji, mikanda ikazwe sawa, na gari lizungushwe mpaka oili ya giaboksi na difu ipate moto. Rudia mara tatu. Mizunguko ya kwanza ikiwa chini na inayofuata ikipanda, huenda oili ilikuwa bado nzito.

Daino nyingine hupima upotevu kwa kuliacha gari lijipunguze mwendo: ukifika kileleni unakanyaga klachi bila kutoa gia, na kompyuta inasoma jinsi rola zinavyopungua kasi. Ni kipimo kizuri, lakini wakati huo meno hayabebi mzigo, kwa hiyo ule upotevu wa aina ya kwanza karibu wote haumo. Anayejumlisha namba hiyo na ya tairi na kuiita nguvu kamili ya injini anaipunja injini.

Gari likitoa kidogo kuliko mwenzake wa aina moja, usianze na injini. Lipige jeki, weka nyutro, zungusha kila gurudumu linaloburutwa kwa mkono. Likigoma na rimu yake ni ya moto kuliko ya upande wa pili, breki inashika: pini za kalipa zimekauka au pistoni hairudi. Kwa magurudumu yanayovuta, tegemea uzito kidogo wa difu, ila pande zote zilingane. Kisha angalia oili. Difu iliyoandikiwa oili ya uzito wa 75W-90 ikimiminiwa 85W-140, iliyo nzito zaidi, inakuwa nzito, hasa ikiwa baridi. Kinyume chake, oili nyepesi mno ya kutafutia nusu farasi inaacha meno ya haipoidi yagusane chuma kwa chuma, na krauni huanza kulia.

Kipimo cha oili kwenye giaboksi nyingi za manyuo na difu ni ukingo wa tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawa. Ikizidi hapo gia zinaipiga mpaka itoe povu, joto linapanda, na presha inatafuta njia kupitia sili. Ukiona sili mpya imevuja tena baada ya wiki mbili, kabla ya kununua nyingine fungua tundu uone kinachomwagika, na uhakikishe kipumulio cha juu hakijazibwa na matope.