Kwa Mary Johnston, Milimani Virginia

Mtandao wa simu ulitukimbia kabla hatujafika Hot Springs, katika jimbo la Virginia, Marekani. Wifi, aliyekuwa usukani, akauliza tena: "Hivi huyu mama tunayemfuata alifariki lini?"

"Mwaka 1936."

"Basi hana haraka. Acha niende polepole, kona hizi sizipendi."

Tulikuwa tunaitafuta Three Hills, nyumba aliyoijenga mwandishi wa riwaya Mary Johnston juu ya kijiji cha Warm Springs. Aliijenga kwa fedha za vitabu. Riwaya yake ya mwaka 1900, To Have and to Hold, iliuza zaidi ya nakala 500,000. Ni hadithi ya Jamestown, koloni la Waingereza huko Virginia, miaka ya 1620: meli inashusha wasichana kutoka Uingereza, na mwanamume anayetaka mke anamlipia nauli kwa tumbaku. Kwa bei ya enzi hizo, ratili 120.

"Mahari hiyo!" Wifi akaangua kicheko.

Huku vitabu vyake vikisomwa nchi nzima, mwandishi mwenyewe, kwa kuwa mwanamke, hakuruhusiwa kupiga kura. Mwaka 1909 yeye na wenzake walianzisha Richmond, mji mkuu wa Virginia, chama cha kudai haki hiyo, akawa anahutubia mikutano. Nyumba tuliitazama kwa nje tu. Bondeni, kwenye chemchemi za maji moto, kuna mabanda mawili ya kale ya kuogea: la wanaume na la wanawake. Nilitaka kuingia, Wifi akaona kiza kinakuja na milima bado iko mbele.

Kesho yake tulikuwa Richmond, kwenye makaburi ya Hollywood alikozikwa Mary. Jina lisikudanganye, hayahusiani kabisa na sinema. Humo kuna piramidi ya mawe ya kuwakumbuka wanajeshi 18,000 wa Kusini, waliopigana upande uliotetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Baba yake Mary alikuwa meja wa jeshi hilo, naye Mary aliwaandika askari wale kwa mapenzi. Mimi na ngozi yangu hii, miguu ikawa mizito.

Lakini mwaka 1913 alimwandikia Lila Meade Valentine, kiongozi wa chama chao, akimsihi wajihadhari wasije wakawasaliti wanawake weusi na wazungu maskini. Kwa barua ile nikaendelea kulitafuta kaburi lake.

Kura wanawake waliipata mwaka 1920, kwa marekebisho ya katiba ya Marekani. Bunge la Virginia liligoma kuyaridhia hadi 1952, Mary akiwa ardhini miaka 16.

Wifi, aliyepiga kura yake ya kwanza Marekani mwaka 2024, aliinama akaondoa majani makavu. "Maji yamebaki?" akauliza. Nikampa chupa.