Siku moja maishani mwangu: Leo Kupe anawashwa

Saa 11:40 alfajiri. Nimeamka kabla simu haijalia. Miezi 14 tumelijenga gari hili, hotirodi (gari kuukuu lililovuliwa na kutiwa injini kubwa), likiwa bubu, na leo ndiyo siku ya kuliwasha. Nakunywa chai ya maziwa nikiwa nimesimama, najaza nyingine kwenye chupa, nafunga chapati mbili na maharage. Mke wangu ananiuliza kama nakwenda kazini au kwenye mtihani.

Saa 1:00 asubuhi. Karakana yetu iko Pomona, mashariki ya Los Angeles. Tuko watatu. Mwenye karakana nimemzoesha kumwita Mzee, mpaka wateja nao wanamwita hivyo wakidhani ndilo jina lake. Kuna fundi wa kuchomelea kutoka Meksiko, halafu mimi, niliyejifunza ufundi kwa mjomba wangu Tanga, gereji ya chini ya mwembe. Nyumbani sasa hivi ni saa 11 jioni. Nampigia.

"Shikamoo mjomba. Leo tunaiwasha."

"Marahaba. Oili umeipandisha juu kwanza?"

"Ndiyo nakwenda kuipandisha."

"Basi usinipigie mimi, kaipandishe."

Naondoa shuka. Ni Ford ya 1932, coupe (gari la milango miwili) ya madirisha matano. Wamarekani hulitamka neno hilo "kup". Mimi nikilimalizia Kiswahili linakuwa kupe, yule mdudu wa ng'ombe, na jina limemkaa vizuri, maana amekwisha kuninyonya. Madigadi yote yametolewa, hivyo ile mistari ya pembeni ya chasisi inaonekana yote. Paa tumelikata na kulishusha inchi mbili na nusu. Hivi ndivyo hotirodi inavyojengwa: kwanza unavua, kisha ndiyo unaongeza. Vijana wa hapa California walianza mchezo huu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Walikuwa wanayavua magari kuukuu na kwenda kuyashindanisha na saa kwenye maziwa yaliyokauka maji ya Muroc na El Mirage.

Saa 2:15. Injini. Mwaka 1932 Ford walitia V8 (injini ya silinda nane zilizopangwa kama herufi V) kwenye gari la bei nafuu, nguvu za farasi 65, na lilikuwa jambo kubwa. (Nyumbani ukisema V8 watu wanaona Landcruiser ya mheshimiwa. Hapana, ndugu zangu.) Hii yetu si ya Ford. Ni Hemi ya Chrysler ya 1957, ujazo wa inchi 392, yaani lita 6.4. Mwaka ule, kwenye Chrysler 300C, ilitoa farasi 375. Karibu mara sita ya ile ya kwanza, kwenye kigari kilekile chepesi! Ndiyo maana chasisi imeongezwa vyuma na nyuma kuna difu ya Ford ya inchi tisa.

Jina la Hemi limetokana na chumba cha moto juu ya pistoni, kilichochongwa kama nusu ya chungwa. Valvu zinaelekeana, plagi iko katikati, na ili uifikie lazima upite kwenye bomba linalotoboa kifuniko cha valvu. Uzuri wake ni kwamba inapumua vizuri. Ubaya ni kwamba ina mabega mapana. Eksozi ya kushoto iligongana na boksi la usukani mara tatu, na mara tatu mwenzangu akaikata na kuichomelea upya huku akitukana kwa Kihispania, lugha ambayo nimeanza kuielewa kwa upande huo tu.

Saa 3:30. Oili. Lazima ipande juu kabla injini haijawaka. Nachomoa distributa, ile inayogawa umeme wa plagi, pamoja na gia yake, naingiza chuma kirefu tunduni, nakifunga kwenye drili, nazungusha pampu. Mwanzoni drili inacheza bure. Halafu inakuwa nzito mkononi, kama kamba ya ndoo inapojaa maji kisimani. Geji ya presha ya oili inapanda hadi 60. Mwenzangu anazungusha krenki kwa spana, nusu mzunguko baada ya nusu mzunguko, mpaka oili inachuruzika juu ya valvu pande zote mbili. Nafunga vifuniko, narudisha gia, narudisha distributa. Hapa mkumbuke nimeirudisha distributa. Tutarudi kwake.

Saa 5 hadi saa 7. Maji, betri, mikanda, mafuta, mtungi wa kuzima moto. Nimekula chapati moja, ya pili kaichukua Mzee.

Saa 7:40 mchana. Mwenye gari amefika, mzee wa makamo ya babu yangu, amekaa kwenye kiti cha plastiki kama mtu anayesubiri nje ya wodi ya wazazi. Napiga starta.

Bwaa! Moto umeruka kutoka kwenye kabureta ya kati, futi nzima, na nyusi zangu zikanuka kuungua. Nikazima. Kimya. Mzee hakusema kitu, alinitazama tu, na ni heri angesema.

Kosa lilikuwa langu. Pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili: mara moja inapokaza mchanganyiko, mara nyingine inaposukuma moshi nje. Mimi niliitega distributa kwenye ile ya moshi, nusu mzunguko mbali na ukweli. Kijana wa wiki ya kwanza chini ya mwembe angepigwa kofi kwa hilo. Nikaichomoa, nikaizungusha, nikahesabu nyaya kwa kidole: 1-8-4-3-6-5-7-2. Nikahesabu tena.

Kilichonitisha si moto. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, ni mpya, tepeti bapa zinazoukanyaga ni mpya, na zimepakwa grisi maalumu ya kuzilinda mwanzoni. Kila unapopiga starta bila injini kuwaka, unaifuta grisi hiyo. Ukifanya hivyo sana umeiua kamshafti kabla haijaishi.

Saa 8:25. Imeshika mara moja. Sikuiacha ipumzike, nikaipandisha hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, kisha 2,500, nikashuka, nikapanda, kwa dakika 20 kamili. Kwa mwendo wa taratibu krenki hairushi oili ya kutosha kufika kwenye kamshafti, na oili za siku hizi zimepunguzwa zinki inayolinda vyuma visisagane, ndiyo maana tumetia ile maalumu. Mzee ameshika saa, mwenzangu ana bomba la maji mbele ya rejeta. Dakika ya sita eksozi ya kulia ikaanza kuwa nyekundu. Nikaizungusha distributa kidogo tu kuwahisha moto, wekundu ukarudi nyuma. Kelele ilikuwa inapita kwenye sakafu, ikipanda kwa soli za viatu hadi kwenye meno. Mwenye gari alikuwa amesimama, mkono juu ya paa, macho amefumba.

Saa 10 jioni. Tumemwaga oili, nimeipasua filta kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake juani. Hapa ndipo ukweli ulipo. Ukiona chenga za chuma zinazong'aa, kamshafti imeliwa. Nilipitisha sumaku mkunjo kwa mkunjo. Utelezi wa kijivu wa ile grisi tu.

Saa 1:30 usiku. Niko nyumbani. Nimemtumia mjomba sauti ya injini, sekunde 40, nikijua Tanga kunapambazuka na ametoka kuswali. Amejibu kabla sijavua viatu.

"Hongera. Lakini kuna tepeti moja inagonga kuliko wenzake."

Silinda ya sita. Niliisikia mchana, nikajiambia ni feni.

"Nitaikaza kesho, mjomba."

"Injini ikiwa bado ya moto," akasema, akakata.