Niliitwa mwizi kwenye mikorosho ya bibi

Nimekulia Ndanda, mkoani Mtwara, walikofika watawa Wakatoliki wa Kibenediktini mwaka 1906, kwa hiyo habari ya kuhudumia watu nimeisikia tangu utotoni. Kuifanya ndiyo kulinishinda.

Jirani yetu ni bibi wa Kiislamu, miguu inavimba, hawezi kuinama. Msimu uliopita korosho zake zilikuwa zinaozea chini. Nikaanza kumwokotea. Mtu wa jumuiya yetu ya kanisani akanishauri: piga picha, weka kwenye kundi, wengine wahamasike. Ushauri ule unaniudhi hadi leo. Pongezi zilimiminika, na kesho yake asubuhi nilikaa nasoma simu mpaka jua likawa kali. Shambani sikwenda.

Nikageukia Mathayo 6:3, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Nikawa naamka saa kumi alfajiri, ndoo na gunia, kimya kimya, bila kumwambia mtu. Siku ya tatu nikamulikwa tochi usoni. "Mwizi! Mwizi wa korosho!" Huku kwetu msimu wa korosho hauna mzaha. Walikuja wanaume wanne, wawili na mapanga. Mimi nina gunia nusu, mikono inanata maji ya mabibo, na kila neno nililosema lilikuwa lilelile ambalo mwizi angesema. Bibi akatolewa ndani, akanitazama.

"Huyu mwanangu. Mwachieni." Kisha akanigeukia: "Lakini mbona hukupiga hodi?"

Nililia njia nzima. Nilikuwa nimemficha hata mwenye shamba.

Tangu siku hiyo napiga hodi, nasalimia, ananipa mjukuu wake tunaokota pamoja, yeye anahesabu ndoo. Tulianika uani kwake, mbele ya macho yake, na siku ya kupima alikwenda mwenyewe chama cha msingi cha ushirika, stakabadhi akashika yeye. Bodaboda nililipa mimi, elfu tano au sita hivi.

Akataka kunipa sado ya korosho. Nikakataa, nikidhani ndiyo unyofu. Siku mbili hakunisemesha. Nikamkumbuka Petro alivyokataa kuoshwa miguu na Yesu, nikarudi nikazipokea kwa mikono miwili, tukazichoma palepale uani tukala na mjukuu.

Sasa mikorosho imeanza kutoa maua. Juzi amemtuma mtoto aniulize nitaanza lini kupalilia.