Witu: ufalme uliobadilishwa kwa kisiwa

Safari yangu ya Witu ilianzia Lamu mjini, kwenye nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani na sasa ni makumbusho madogo. Ilifunguliwa mwaka 1888, ikafungwa 1891. Wajerumani walitafuta nini huku? Jibu liko bara, msituni.

Nikavuka kwa mashua hadi Mokowe, nikapanda basi. Tukapita Hindi, tukateremshwa kwenye kizuizi kuonyesha vitambulisho, tukaendelea. Witu ni mji mdogo wa kando ya barabara. Nikamwamkia mzee mmoja aliyeketi barazani, nikamwuliza ngome ya Simba iko wapi. Akanyoosha mkono kuelekea miti.

"Ngome yake ni ule mwitu, mwanangu."

Simba ndiye Sultani Ahmed, wa ukoo wa Wanabahani waliotawala Pate. Majeshi ya Zanzibar yalipomzidi nguvu, alihamia bara akajenga mji katikati ya msitu. Waliomfuata hawakuwa jamaa zake tu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia kwake, wakapokewa. Kwa hilo peke yake namheshimu sana.

Zanzibar haikumwacha apumue. Mwaka 1885 akawauzia ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, kipande cha nchi yake, na Ujerumani ikatangaza kumlinda. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipinga, mpaka manowari za Kijerumani zilipotia nanga Zanzibar Agosti mwaka huohuo. Wapo wanaomlaumu Simba kwamba aliuza nchi. Mimi siwezi. Adui alikuwa mlangoni, na mgeni huyu alikuja na ahadi.

Ahadi yenyewe ilidumu miaka 5. Julai 1890, kwa mkataba uliotiwa saini Berlin, Ujerumani iliiachia Uingereza Witu na kukubali Zanzibar iwe chini ya Waingereza. Miongoni mwa ilivyopata ni Helgoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita 2 za mraba. Simba alikwishakufa, kitini alikuwa Fumo Bakari, na hakuna aliyemwuliza neno.

"Walimgawa kama shamba lisilo mwenyewe," mzee alisema, akanyamaza kitambo.

Septemba, Mjerumani Andreas Küntzel, aliyekuja na mipango ya kupasua mbao, aliuawa Witu pamoja na wenzake. Oktoba, Admirali Fremantle wa Uingereza alipandisha askari kutoka pwani, wakauteka mji na kuuteketeza. Fumo Bakari alikimbilia msituni, akafa muda si mrefu. Kampuni ya Waingereza ilikabidhiwa nchi mwaka 1891, ikaiacha 1893. Baadaye akawekwa sultani waliyemtaka Waingereza.

Mzee alinisindikiza mpaka ukingo wa mji, pale nyumba zinapokoma. Tukasimama kimya tukitazama miti. Nilipomwuliza kama watu wa hapa bado wanamtaja Simba, alinitazama kwa mshangao.

"Tusipomtaja sisi, atatajwa na nani?"